Boxer ya marehemu baba, mama nyumbani, na safari ya Songea mwezi wa nane

Swali lililonifikia nimelifupisha, linasema hivi: "Shikamoo fundi. Mimi mzaliwa wa Tanga, Chumbageni, ila miaka sita sasa nipo Muscat. Nimerudi likizo ndefu. Mwezi wa nane wiki ya pili nataka niendeshe Boxer 150 aliyoiacha marehemu baba mpaka Songea, nachangisha hela za viti mwendo vitano, kuna rafiki yangu nilisoma nae anafundisha kule kitengo cha watoto wenye ulemavu. Pikipiki imekaa uani miaka miwili. Mimi mwenyewe miaka sita yote naendesha gari yenye kiyoyozi, mgongo unauma hata nikikaa barazani. Na mama analalamika, anauliza nimekuja kumuona yeye au pikipiki. Kusema kweli na mimi likizo naitaka, kuna harusi mbili za ukoo, kuna ndondo, kuna washkaji. Nijiandae vipi bila kuipoteza likizo? Na je, naweza kufunga kiti kimoja kwenye pikipiki kwa ajili ya picha?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa msiba hata kama miaka imepita. Nimeendesha safari za kuchangisha tatu na nimetengeneza pikipiki zaidi ya miaka ishirini, nyingi hizo hizo Boxer, kwa hiyo ntakujibu kwa urefu, tafuta kahawa ukae.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Unaongea kama vile maandalizi yako huku na likizo iko kule, inabidi uibe muda wa mama uwape mafundi. Mimi naona kinyume chake kabisa. Pikipiki iliyolala miaka miwili haipimwi gerejini, inapimwa kwa kutumika, na hakuna mahali pazuri pa kuitumia kuliko mjini kwenu ambako ikikuzimikia saa mbili usiku kuna mtu anakujua atakusukuma mpaka nyumbani. Yani hizo harusi, hayo masoko, hizo safari za kumpeleka mama kwa dada yake Muheza, ndo maandalizi yenyewe. Ukijifungia gerejini miezi miwili utatoka na pikipiki inayong'aa ambayo haijawahi kutembea kilomita hamsini mfululizo, na kitu kikikatika kitakatikia Ruaha Mbuyuni.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, kila unachokibadilisha kibadilishe wiki hizi mbili za mwanzo, halafu ishi nacho hapo nyumbani. Watu wanafanya kinyume, wanasubiri siku tatu kabla ya safari ndo wanafunga cheni mpya, kebo mpya, breki shu mpya, wanaona wamejali. Spea mpya ndo ya kuogopa bana, spea za siku hizi feki nyingi, na hata ikiwa orijino fundi anaweza kuwa amesahau kukaza nati. Cheni mpya inalegea kwenye kilomita mia za mwanzo, spoku mpya zinalegea, breki shu mpya hazijakaa. Acha zilegee wakati unaenda kununua samaki Deep Sea, uzikaze jioni, basi.

Sasa tuiangalie hiyo Boxer. Ya uani Tanga sio sawa na iliyokaa uani Dodoma, hewa yetu ina chumvi, inakula vitu ambavyo huvioni. Usiipige kiki kwa furaha siku ya kwanza. Mwaga petroli yote iliyomo kwenye tenki, inuse, utakuta inanuka kama vanishi, halafu mulika tochi ndani ya tenki uone kutu. Kama kuna kutu na ukajaza mafuta mapya juu yake ile vumbi itashuka kwenye kabureta, na utashinda kila siku unafungua jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli, barabarani. Tenki lioshwe, kabureta ifunguliwe isafishwe, filta ya hewa ibadilishwe, plagi mpya, mafuta ya injini mapya 20W-50 afu uyamwage tena baada ya kilomita mia tatu hivi hata kama yanaonekana mazuri, maana yatakuwa yameosha uchafu wa miaka miwili.

Matairi usiangalie kashata, yale meno ya tairi, peke yake. Ubavuni kuna namba nne kwenye kiduara, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa mfano 1418 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2018. Tairi la zamani linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa ila mpira umekauka kama biskuti, likikutana na lami ya mvua haling'ang'anii. Mimi kwako ningebadili yote mawili na tyubu zake, bila kujadili. Spoku zigonge moja moja na bisibisi usikilize, iliyokaza inalia tiiin, iliyolegea au iliyoliwa na kutu inalia kama umegonga kuni. Kazi hiyo mpe mtoto wa dada yako, watoto wanaipenda.

Alafu kuna choki. Hapa nakaa kidogo maana hakuna anayekwambia. Pale kwenye kabureta upande wa kushoto kuna kijiti kidogo cha choki, kazi yake ni kusaidia injini kuwaka kwenye baridi. Tanga hamna mtu anaitumia, joto letu pikipiki inawaka kwa kuigusa, kwa hiyo kile kijiti kwenye Boxer nyingi za pwani kimeganda, hakipandi wala hakishuki, na mwenye pikipiki hajui kwa sababu hajawahi kukihitaji. Sasa wewe utalala Njombe, karibu mita elfu mbili juu ya usawa wa bahari, mwezi wa nane, asubuhi ukungu umekaa chini kama moshi wa kuni mbichi. Utapiga kiki mpaka goti liume. Mimi yalinikuta hayo, nilipiga kiki kama dakika arobaini mbele ya gesti nimevaa koti la mvua juu ya blanketi, watu wanapita kwenda sokoni wananiangalia, mpaka mama mmoja muuza maandazi akaniambia baba choki yako si imekufa, akaniletea maji ya moto kwenye jagi nikayamwagia kabureta kwa nje taratibu ikashtuka. Fundi mzima naambiwa na muuza maandazi. Basi kitoe kile kijiti, kisafishe, kipake mafuta, na kila asubuhi hata kama huhitaji kisogeze juu chini.

Kadi ya pikipiki. Umesema ya marehemu baba, na ukute kadi bado ina jina lake. Hili lifanye wiki hii hii kabla hata ya plagi. Kama familia ilishafungua mirathi na kuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, yeye ndo anaweza kuihamisha TRA ije kwenye jina lako. Kama hamjafungua basi mkae kikao cha familia mwende Mahakama ya Mwanzo, na hiyo sio kazi ya siku mbili. Usiseme aah pikipiki ndogo tu, nani atauliza. Trafiki wa Chalinze atauliza, na siku ukipata ajali mtu wa bima atauliza kwa sauti kubwa zaidi. Na hapo hapo angalia leseni yako, ya pikipiki ya cc 150 inatakiwa iwe na daraja A, A1 ni ya zile ndogo chini ya cc 125. Watu wengi waliokaa nje wanarudi na leseni ya gari tu wanadhani imetosha.

Haya, mama. Mama yako hana kosa, amekaa miaka sita anakuona kwenye simu, umerudi umeinama kwenye injini mikono myeusi. Mpandishe. Sitanii. Mnunulie helmeti yake, mpya, sio ile ya bodaboda inayonuka vichwa mia, na kila anapotaka kwenda wewe ndo dereva wake. Akae kama mtu mzima anavyokaa kwenye pikipiki, miguu huku na huku, sio upande, akikataa kwa ajili ya baibui basi avae suruali ndani, mama zetu wa Tanga wameendesha baiskeli tangu wakiwa wasichana hawashindwi hilo. Nakwambia hivi kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua. Ya pili, pikipiki yenye mtu wa kilo sabini nyuma ndo pikipiki utakayoiendesha kwenda Songea, mzigo wako na maji na spea na nguo za baridi navyo vitakaa nyuma hapo hapo. Utajifunza breki inachelewa kiasi gani, kona inavutaje, na utajua shokapu za nyuma kama zimechoka, maana mama akilalamika mgongo hiyo ndo ripoti ya ufundi bora kuliko yangu.

Na hapo hapo pima cheni. Watu wanapima cheni pikipiki iko kwenye stendi haina mtu, wanaiweka tait, halafu wakipanda wawili gurudumu la nyuma linapanda juu kidogo na cheni inakaza zaidi, inakula sproketi na beringi kimya kimya. Mama akae, wewe ukae, mtu wa tatu aishike cheni katikati chini aipandishe aishushe, iwe na mchezo wa kama sentimita mbili na nusu mpaka tatu. Ipakwe mafuta ya cheni au hata ya giaboksi, kidogo, upande wa ndani, jioni ikiwa bado ina joto. Usipake grisi, kule mbele vumbi litaigeuza msasa.

Mwili wako sasa. Mgongo wa mtu wa gari hauponi kwa dawa ya kuchua, unapona kwa kupanda kidogo kidogo. Wiki ya kwanza na ya pili zunguka mjini tu, Raskazone, Ngamiani, Pongwe, ukazoee tena klachi na ukazoee bajaji za watu wasiotoa indiketa. Kisha Muheza kwenda na kurudi, ni karibu, unatoka asubuhi unarudi na machungwa. Wiki nyingine Pangani, nenda siku ya harusi kama harusi iko huko, kula pilau lao ila usirudi usiku na tumbo limejaa, hiyo ndo ajali namba moja ya watu wa harusi, macho yanafumba yenyewe. Siku moja panda Amani kule juu, ile njia ya msituni ina mawe na tope, haifanani na njia yako ya Songea ambayo lami yote, lakini inakufundisha kukaa umelegea mikono badala ya kung'ang'ania usukani kama unazama. Maumivu ya mgongo juu ya pikipiki mara nyingi yanaanzia kwenye mabega, mabega yanatoka kwenye kung'ang'ania usukani.

Halafu kama wiki tatu kabla ya kuondoka, nenda Lushoto ulale huko. Hii usiiache hata kama utaacha mengine yote. Tanga mpaka Mombo ni kama kilomita 130, barabara kuu ya mabasi na malori, hiyo yenyewe ni mtihani wa upepo, basi likikupita kwa kasi linakusukuma kwanza pembeni afu linakuvuta kuelekea kwake, mara ya kwanza moyo unaruka. Kutoka Mombo unakata kulia unapanda kilomita kama thelathini na kitu za kona tupu, Soni pale simama unywe chai uangalie maporomoko. Lushoto kuna baridi, sio ya Njombe lakini inatosha kukuonyesha kwamba ile jaketi uliyoinunua Muscat kwa ajili ya kiyoyozi cha ofisini haifai kitu. Mchukue na binamu mmoja, iwe sehemu ya likizo, mle mboga za kule, mlale, asubuhi uiwashe pikipiki kwenye baridi uone hiyo choki.

Na asubuhi hiyo kushuka ndo somo lenyewe. Boxer kama yako kwa kawaida ina breki za shu mbele na nyuma, hamna diski. Ukishuka mlima mrefu umeshikilia breki zile shu zinapata moto zinaanza kuteleza, unakanyaga pedeli inaingia kama unakanyaga godoro. Kwa hiyo unashuka kwa gia, weka ya tatu au ya pili kabla ya kona, acha injini ilie ikushikilie, breki unagusa unaachia, unagusa unaachia. Usizime injini ushuke na gia huru eti unaokoa mafuta, najua tulilelewa hivo na baiskeli zetu. Kwa nini nasisitiza hili, sababu kwenda Songea mlima wa Kitonga utaupanda, malori yanapanda polepole kama kobe, utakuwa unavuta moshi wao tu huna shida. Kurudi ndo utaushuka. Na watu wote wanajiandaa kwa ajili ya kwenda, picha zimepigwa, hela zimefika, viti vimekabidhiwa, mtu anarudi amechoka ana haraka amuone mama yake, na Kitonga iko pale inamsubiri. Rafiki yangu tuliyekuwa nae safari ya pili alianguka akirudi, sio akienda. Mkono ulivunjika sehemu mbili, anaishi, ila pikipiki hagusi tena.

Njia yenyewe kwa kifupi, na mahesabu yake. Tanga mpaka Songea kupitia Segera, Chalinze, Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe ni kama kilomita elfu moja na mia moja kwenda tu. Mimi ningeigawa siku nne za kuendesha na siku moja ya kupumzika Iringa. Siku ya kwanza mpaka Morogoro, ndefu, kama 330, toka baada ya swala ya alfajiri kukishapambazuka. Siku ya pili Morogoro Iringa, kama mia tatu, ndo siku yenye mambo. Iringa pumzika, kaza nati zote, paka cheni, lala mchana. Kisha Iringa Njombe ni fupi kidogo zaidi ya mia mbili, afu Njombe Songea nayo zaidi ya mia mbili ila ina milima na kona, ile sehemu ya Lukumburu usiharakishe, Madaba simama ule. Kwenda kurudi na mizunguko ya hapa na pale weka kilomita 2,400, Boxer yenye mzigo mimi naipigia lita moja kwa kilomita arobaini ili nisidanganyike, ni lita sitini. Sheli njia nzima zipo, tenki linabeba kama lita 11, kwa hiyo sahau habari ya kubeba petroli kwenye chupa ya maji. Mafuta ya injini badilisha kama wiki moja kabla ya kuondoka na tena ukiwa Songea kabla ya kurudi.

Mikumi. Barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi kama kilomita hamsini, na wewe huna bati wala kioo. Pita katikati ya mchana, sio alfajiri sio jioni, wanyama wanavuka sana saa hizo. Fuata vibao vya spidi, matuta yapo mengi. Mimi huwa nasubiri kabla ya kuingia, napata lori au wenzangu wa pikipiki nakaa nyuma yao kwa umbali, tembo akiwa barabarani lori linasimama kwanza na mimi nasimama mbali nageuza uso wa pikipiki nilikotoka, injini inawaka. Usishuke kupiga picha. Twiga wazuri sana kweli, utawaona tena siku umepanda basi. Ukishatoka huko unashuka kwenye bonde la mibuyu, joto kali, Ruaha Mbuyuni wanauza vitunguu barabarani, kunywa maji pale, kula kidogo, afu ndo Kitonga.

Nguo za baridi usinunue dukani. Mitumba ya Tanga imejaa makoti mazito ya Ulaya ambayo hamna Mtanga anayataka, bei ya kutupa, Njombe koti hilo hilo utalilipia mara tatu. Tafuta jaketi refu linalofunga shingo, glavu, soksi mbili. Na gazeti. Usicheke, gazeti lililokunjwa likawekwa kifuani ndani ya jaketi linazuia upepo kuliko sweta mbili, likilowa unatupa unanunua lingine, na unakuwa na cha kusoma Makambako, mji ule upepo wake ukisimama na pikipiki ishikilie.

Baraza. Umesema una washkaji wanakungoja jioni na kahawa na kashata. Usiwakimbie, ila siku moja wabebee kazi. Toa gurudumu la nyuma pale pale barazani mbele yao, wewe mwenyewe na spana utakazosafiri nazo, sio za fundi. Toa tyubu, iangalie pancha kwenye beseni la maji, bandika, rudisha, jaza upepo kwa pampu ya mkono. Watakucheka mara ya kwanza, utatumia saa nzima na utabana tyubu kwa chuma ukaitoboa upya, mara ya tatu utatumia dakika ishirini na tano. Utagundua pia spana gani huna. Mimi spana ya ekseli ya nyuma niliisahau nyumbani safari ya kwanza, nikasukuma kilomita nne. Hapo hapo waombe wakukatie vipande virefu vya tyubu kuukuu, hivyo ndo vya kufungia mzigo kwenye keria, kamba ya katani ni fahari ya mji wetu lakini inalegea mzigo ukitikisika, mpira unavuta.

Sasa pesa, na hapa ntakuwa mkali kidogo samahani. Pesa ya safari na pesa ya viti visikutane popote. Petroli, gesti, chakula, matairi, vyote mfukoni kwako, na useme hivo waziwazi tangu siku ya kwanza, kwamba kila shilingi mtakayotoa inakwenda kwenye viti. Safari yangu ya kwanza sikuiba hata mia, lakini michango ilikuwa inaingia kwenye namba yangu ya simu ile ile ninayolipia luku, na siku ya hesabu nilishindwa kuonyesha ipi ilikuwa ipi. Mtaa mzima uliongea, wengine mpaka leo. Mwambie rafiki yako mwalimu waitumie akaunti ya shule au kamati yao yenye watu zaidi ya mmoja wanaosaini, michango iende huko moja kwa moja, wewe kazi yako ni kuwaonyesha watu pikipiki na barabara. Wa Muscat wenzako watachangia vizuri tu wakiona hivo. Na kabla hujaanza kuomba hadharani pita kwa mtendaji wa kata na ofisi ya ustawi wa jamii, jitambulishe, pata barua. Songea nako mwalimu afanye hivo hivo.

Kitu kingine, viti vyenyewe. Usinunue vitano vya saizi moja kwa sababu duka lina bei nzuri. Mtoto akikaa kwenye kiti cha mtu mzima anaegemea upande, uti wa mgongo unapinda, anapata vidonda vya makalio, baada ya miezi sita kiti kinabebea kuni. Mwalimu achukue futi ya fundi cherehani apime kila mtoto akiwa amekaa, upana wa nyonga, urefu kutoka makalio mpaka nyuma ya goti, na kutoka goti mpaka unyayo, akuandikie na umri wao na kama anaweza kushika kichwa mwenyewe au hawezi, maana asiyeweza anahitaji kiti cha aina nyingine kabisa chenye mahali pa kuegemeza kichwa na mikanda, na kabla ya kulipia aonwe na mtu wa fiziotherapia hospitali ya karibu. Mto wa kukalia usiachwe. Uliza pia njia ya pale shuleni ikoje, kama ni mchanga na mawe basi magurudumu madogo ya mbele kama ya kiti cha hospitali yatazama. Na kwa kuwa umeuliza kama unaweza kufunga kimoja kwenye pikipiki kwa ajili ya picha, hapana. Vitumwe kwa basi au lori, wewe ufike uvipokee. Picha ya watoto omba ruhusa kwa wazazi kwanza.

Mama tena, maana hili ndo litakusumbua siku ya kuondoka. Usimwachie simu ya kuangalia uko wapi kwenye ramani, mtandao ukikata bondeni kile kidoti kitasimama katikati ya Mikumi na yeye atasimamisha mtaa mzima. Mwandikie kwenye karatasi kubwa ubandike jikoni, Chalinze saa fulani, Morogoro saa fulani, mwambie utapiga ukifika na uongeze saa mbili kwenye kila muda. Na usiendeshe usiku. Hii ahadi mpe yeye sio mimi, halafu ukichelewa lala hapo ulipofika, gesti zipo. Watu wana msemo wao kuhusu mji wetu, waja leo waondoka leo, mwambie mama wewe unaondoka na unarudi, na siku nne kabla ya safari usiguse pikipiki kabisa, kaa nae, kila kitu kiwe kimeshafungwa tangu ijumaa ya nyuma.

Ukishindwa kuikamilisha hiyo ya Lushoto kwa sababu yoyote, sogeza tarehe. Watoto wamesubiri muda mrefu, watasubiri wiki mbili nyingine, na mwezi wa tisa njia bado kavu.

Niandikie baada ya wiki mbili uniambie imefikia wapi, na hizo namba za ubavuni mwa matairi nitumie leo leo. Na kabla hujalala nenda uani na tochi ukishike kile kijiti cha choki, niambie kama kinasogea.